Trela la Safari kwa Aila: Uzani Kwanza, Urembo Baadaye

Katika matamanio ambayo aila nyingi za Voi, Mwatate na Taveta zimekuwa nayo miaka hii ya karibuni, tangu lami ilipofika Taveta na reli mpya ilipoanza kuteremsha abiria Voi mwaka 2017, hakuna lililo la haki zaidi kuliko lile la kuwachukua watoto kwenda kuitazama nchi yao wenyewe, nchi ambayo wageni huvuka bahari kuja kuitazama ilhali mwenyeji wake aghalabu huiona kupitia dirisha la basi. Kulala hotelini mbugani, baba, mama, bibi na watoto wanne, ni gharama ambayo mwalimu au mwenye duka hawezi kuistahimili kila likizo. Na hema la kusimamisha jioni na kung'oa asubuhi, hasa pakiwapo mzee asiyeweza kulala chini na mtoto asiyeweza kungoja chakula, hugeuza mapumziko kuwa kibarua. Kwa hiyo si ajabu kwamba fikra ya trela la kulala, linalovutwa na gari lile lile la nyumbani, lenye godoro, jiko na maji yake, imeingia katika mazungumzo ya watu, nami siipingi. Nionalo kuwa kosa ni mpango wa kulichagua, kwani wanunuzi wengi huanza kwa kulilalia godoro, kufungua makabati na kusifu mapazia, na wakishalipa ndipo huuliza ni gari gani litakalolivuta na ni njia gani litakayopita. Rai yangu ni kinyume chake: aanzaye na uzani, akafuatisha njia, akamaliza kwa maji, atakuta kwamba mengi ya yaliyosalia yamejichagua yenyewe.

Mpango huu si mpya katika nchi yetu. Kabla ya reli na motokaa, misafara iliyotoka Mombasa na Rabai kuelekea Uchagani ilipita nyika ya Taru, ikapumua Maungu, ikakata Taita hadi Taveta, na kiongozi aliyestahili jina hilo aliijua shehena yake kabla hajaondoka pwani. Mzigo wa mpagazi ulikadiriwa kwa frasila mbili, yaani kilo thelathini na kitu, na aliyezidisha alilipia kwa wapagazi waliotoroka. Na kabla ya kuhesabu marobota ya nguo na shanga ilikuwa sharti kuhesabu maji, maana ngurunga za Taru, yale mashimo ya mwambani yashikayo maji ya mvua, zikiwa kavu hapakuwa na tone la kutegemewa mpaka Maungu. Bwana Kheri, aliyemwongoza Johannes Rebmann katika safari ya mwaka 1848 ambayo tarehe 11 Mei ilimwonyesha Mzungu huyo theluji ya Kilimanjaro, alikuwa mtu wa hesabu za namna hiyo. Siku hizi mpagazi ni injini, wala haitoroki usiku. Lakini iliyozidishiwa mzigo nayo ina namna yake ya kugoma, na aghalabu huchagua mlima wa Wundanyi kuwa mahali pa kugomea.

Tuanze, basi, na gari. Magari mengi yaliyomo nchini mwetu yametumika Japani kabla ya kufika bandari ya Mombasa, na kitabu kilichomo katika kisanduku chake, kama kimo, kimeandikwa Kijapani. Kwa hiyo mwenye gari aghalabu hajui hata kama waliolitengeneza walikusudia livute kitu. Ni wajibu wake kulijua hilo kabla ya kwenda kutazama trela lolote, kwa kuuliza kwa wakala wa chapa ya gari lake na kutaja namba ya injini na ya gia, kwani magari mawili yanayofanana kwa sura huweza kutofautiana sana kwa nguvu ya kuvuta. Anapaswa kupata tarakimu tatu: uzani wa juu kabisa wa trela lenye breki ambao gari linaruhusiwa kuvuta, uzani ambao shingo ya trela inaweza kuulalia mkia wa gari, na uzani wa juu wa gari na trela kwa pamoja, watu na mizigo yote ikiwemo. Tarakimu ya tatu ndiyo inayosahauliwa, ilhali ndiyo inayowahusu wenye aila kubwa, kwa sababu watu saba ndani ya gari wamekwisha kula sehemu ya haki ya trela kabla halijafungwa. Mwenye gari la gia ya otomatiki ya mkanda, ile isiyokuwa na hatua za gia, na atahadhari zaidi, kwa kuwa gia ya namna hiyo hupata joto haraka inapovuta mzigo mlimani, na joto ndilo linaloiua.

Waingereza, ambao desturi ya kuvuta karavani ni kongwe kwao, humshauri dereva mgeni asivute trela ambalo uzani wake likiwa limepakiwa umepita asilimia 85 ya uzani wa gari lenyewe. Kwa gari la kilo 1,600 hiyo ni kilo 1,360, na hapo tunazungumzia barabara za Uingereza. Mwenye nia ya kupita changarawe na mchanga wa Tsavo na ajipunguzie zaidi ya hapo, wala asidanganywe na muuzaji amwambiaye kwamba gari lake litavuta bila hata kuhisi. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na hakuna mahali ambapo msemo huo hutimia kama kwenye yadi ya kuuzia matrela.

Ukisha kupata kiwango cha gari lako, pima shehena. Bati lililopigiliwa kwenye trela huonyesha uzani wake likiwa tupu na uzani wa juu linaoruhusiwa likiwa limejaa. Tofauti ya namba hizo mbili ndiyo nafasi yako, na ndiyo unayonunua hasa, ingawa muuzaji atakuonyesha kitanda. Tufanye hesabu ya aila ya watu saba kwa siku tatu. Mtu mmoja, katika joto la Voi, ahesabiwe lita tano za kunywa na kupikia na lita tatu za kunawa na kuoshea vyombo. Nane mara saba mara tatu ni lita 168, na kwa kuwa lita moja ya maji ni kilo moja, maji peke yake ni kilo 168. Mtungi wa gesi wa kilo 6, chuma na gesi, hupata kilo 13 au zaidi. Ongeza betri ya pili, jokofu dogo, vyakula, masufuria, magodoro, viti na meza, turubai la kivuli, jeki, sepetu, tairi la akiba, na lile sanduku ambalo bibi hakubali kuliacha, utakuta umefika kilo 350 bila ya kupakia kitu cha anasa. Trela lenye nafasi ya kilo 200, hata liwe zuri namna gani, halikutengenezwa kwa ajili yako; litakubeba, ndiyo, lakini litakubeba kwa deni la springi, matairi na shingo yake, na deni hilo hudaiwa mbali na nyumbani.

Haitoshi kujua kiasi cha mzigo. Mahali unapokaa ni nusu ya habari. Nahodha hupanga shehena ya jahazi vitu vizito chini na katikati ili chombo kisilale upande, na trela halina kanuni nyingine. Vizito vikae juu ya ekseli au mbele yake kidogo, karibu na sakafu. Vyepesi viende juu na kwenye ncha. Mzigo ukielemea nyuma, mkia wa gari huinuliwa, magurudumu ya nyuma ya gari hayana la kuyatuliza, na upepo wa lori moja linalopita huweza kulianzisha trela kuyumba kulia na kushoto mpaka limshinde dereva. Mbele nako kuna mpaka wake, kwani mzigo ukizidi huko unakandamiza nyuma ya gari, na usukani unakuwa mwepesi kupita kiasi. Kipimo kinachoaminiwa na wengi ni kwamba shingo ilalie gari kwa takriban sehemu moja ya kumi ya uzani wa trela lililopakiwa, almuradi kiasi hicho hakipiti kile gari linachoruhusiwa. Kukipima si kazi kubwa: egesha trela mahali palipo sawa, zuia magurudumu kwa mawe, weka mizani ya kupimia uzito wa mtu chini ya kichwa cha shingo, simamisha juu yake kipande cha gogo kinachofikia urefu wa kawaida wa kufungia, kisha teremsha shingo polepole mpaka ilalie gogo, usome namba. Trela la kilo 900 lionyeshe kilo 90 hivi. Likionyesha 40, hamisha vitu mbele kabla ya kuondoka.

Na hapa pana hila moja ambayo mnunuzi aitazame kwa makini, yaani mahali lilipowekwa tangi la maji. Kuvuja kwa pakacha ni nafuu ya mchukuzi, lakini si kila pakacha: tangi lililo mbele kabisa ya trela, likisha kunywewa siku ya tatu, limeiondolea shingo uzani wote uliokuwa ukiituliza, na trela lililokwenda kwa adabu wakati wa kutoka laweza kurudi likiyumba. Tangi la haki liko juu ya ekseli, chini, na ndani yake mna vizuizi vinavyoyakata maji yasikimbie upande hadi upande wakati limebaki nusu. Kama hakuna tangi la namna hiyo, jerikeni za lita 20 zilizofungwa mikanda imara juu ya ekseli ni bora kuliko tangi kubwa lililowekwa mahali pabaya.

Sasa njia. Mkazi wa Taita Taveta ana bahati, au mtihani, wa kuwa na barabara za namna tatu katika kaunti moja, na trela asilolifikiria katika zote tatu hatalifurahia katika hata moja.

Ya kwanza ni barabara kuu ya Mombasa na Nairobi, ambayo kwa masafa ya kilomita 150 hivi baina ya Voi na Mombasa imejaa malori ya bandarini usiku na mchana. Hapa adui ni upepo wa malori, tamaa ya kupita, na kusimama kwa ghafla. Trela pana na refu kwenda juu hupokea upepo huo kwa ubavu mzima. Lililo fupi na jembamba, lisilozidi upana wa gari, hupita bila ya taabu. Vioo vya pembeni visivyoonyesha mkia wa trela havifai kitu, na virefushwe. Aendaye na trela asivuke kilomita 80 kwa saa, na mijini, Maungu au Mackinnon Road, ashike zile 50 ambazo sheria imeziweka kwa kila gari. Likianza kuyumba, asikanyage breki kwa hofu wala asipigane na usukani, bali aondoe mguu kwenye mafuta, ashike usukani wima, na kuacha mwendo ufe wenyewe. Ni ada ya wasafiri wengi kusimama Mackinnon Road katika msikiti wenye kaburi la Sayyid Baghali Shah, wakasali au wakaomba dua. Mwenye trela na aiwahi ada hiyo kwa faida ya pili, yaani kuzunguka chombo chake na kukagua minyororo, taa na matairi. Aweke kiganja karibu na kila kitovu cha gurudumu: kitovu chenye uvuguvugu ni salama, na kisichogusika kwa moto kinatangaza kwamba beringi zimekosa grisi au zimekazwa kupita kiasi, na haifai kwenda mbele kabla ya fundi kukifungua.

Ya pili ni ile ya kupanda kutoka Mwatate kwenda Wundanyi, yenye lami lakini yenye kona za kujikunja juu ya mabonde, katika milima ambayo kilele chake cha Vuria kinafikia mita 2,208. Kupanda huijaribu injini. Kushuka huijaribu akili. Matrela mengi ya kadiri yana breki zinazojikaza zenyewe trela linapolisukuma gari kutoka nyuma, na mtindo huo, unaofaa sana katika barabara ya tambarare, una kasoro yake mlimani: kwa kuwa trela husukuma muda wote wa mteremko, breki hizo hubaki zimekaa muda wote, zikachemka, zikapoteza nguvu pale zinapohitajiwa. Dawa ni kuingia mteremko kwa gia ndogo tangu juu, na kuiachia injini kazi ya kuzuia. Breki za umeme, zinazotawaliwa na kijisanduku kilichofungwa karibu na usukani, ni bora kwa milima, ingawa ni ghali zaidi na zinahitaji fundi anayezielewa. Ama trela lisilo na breki kabisa, nchi za Ulaya haziliruhusu kupita kilo 750 za uzani wake wote, nami sioni kwa nini milima ya Taita iwe na huruma kuliko sheria za Ulaya.

Ya tatu ni njia za changarawe na mchanga: ndani ya Tsavo, hifadhi iliyotengwa mwaka 1948, na pembezoni mwake, kuelekea Kasigau, Ziwa Jipe au Ziwa Chala. Hapa barabara imejipanga matutamatuta madogo yasiyokwisha, na mtikisiko wake hulegeza kila parafujo isiyokazwa na kupasua kila kiungo kilichochomelewa kwa haraka. Karavani nzuri ya Ulaya, yenye kuta nyembamba na magurudumu madogo, iliyobuniwa kwa ajili ya lami ya Ufaransa, haitamaliza miaka hapa. Trela la nchi hii liwe na chesisi ya chuma iliyopakwa zinki, springi za bamba zenye shokapu, tumbo lililoinuka kutoka chini kama la gari linalolivuta, na magurudumu yaliyo katika mstari mmoja na ya gari, ili katika mchanga yafuate mfuo uliokwisha kukanyagwa badala ya kujichimbia mfuo wake. Kiungo cha kuvutia kiwe cha namna inayozunguka pande zote, kwa maana katika korongo la mchanga gari huinamia huku na trela kule. Kichwa cha duara cha kawaida cha milimita 50 kina mpaka wake. Tena mwenye kununua trela la Kimarekani na akumbuke kwamba kichwa chao cha inchi mbili ni kikubwa kidogo kuliko hizo milimita 50, na kikombe chao kikilalia kichwa cha milimita 50 hulegea pasipo dereva kujua.

Kuhusu magurudumu nina sharti moja ambalo sitalilegeza: yawe sawasawa na ya gari, kwa ukubwa na kwa idadi ya nati, ili tairi moja la akiba liokoe vyote viwili. Miba ya migunga ya Tsavo hutoboa hata ubavu wa tairi, na aliye na matairi mawili ya akiba yanayoingiliana ana amani ambayo mwenye mawili yasiyoingiliana hana. Tazama vilevile umri wa tairi, si kashata zake tu, kwani tairi la trela aghalabu huzeeka kwa jua kabla ya kuisha kwa mwendo. Ubavuni mwake pana tarakimu nne: 2319 maana yake lilitengenezwa juma la 23 la mwaka 2019. Tairi lililopita miaka sita lihesabiwe katika bei kuwa halipo.

Vumbi jekundu la nchi yetu, lile linalowapaka tembo wa Tsavo rangi yake, litaingia katika kila kabati lisilo na mpira mzima mlangoni. Matrela yaliyobuniwa vyema yana kipenyo mbele chenye chujio, kinachoingiza hewa wakati wa mwendo ili msukumo wa ndani ulizuie vumbi la nje. Kitafute, na kama hakipo, ukague mipira ya milango kwa kufungia kipande cha karatasi mlangoni na kukivuta: kinachochomoka bila kukwama kimekuonyesha njia ya vumbi.

Tukisha kupita hapo, ndipo twaweza kuzungumza juu ya namna za matrela. Lililo jepesi kuliko yote ni trela la mizigo lenye hema juu ya paa lake: uzani ni hafifu, bei ni nafuu, lakini bibi hatapanda ngazi usiku wa manane. La pili ni lile dogo lenye umbo la tone, kitanda ndani na jiko chini ya mlango wa nyuma, ambalo aghalabu halifiki kilo 900. Ni zuri mno kwa mume, mke na mtoto mchanga, na halifai kwa saba isipokuwa hema liambatane nalo. La tatu ni trela la kukunjua, ambalo mwilini mwake hutoka hema kubwa lenye vitanda vilivyoinuka kutoka ardhini. Hili, kwa rai yangu, ndilo linalokaribia kabisa haja ya aila yetu, maana likifungwa ni fupi na halipigwi na upepo wa malori, na likifunguliwa linalaza wengi. La nne ni lenye kuta ngumu, lililobuniwa kwa njia mbaya kama yanavyotengenezwa Afrika Kusini na Australia: ni raha, ni salama, lakini mengi yake yamevuka kilo 1,500, na mwenye gari la kadiri hana biashara nalo.

Muuzaji wa trela la kukunjua atakuambia kwamba hufunguka kwa dakika kumi. Mwombe alifungue mbele yako, kisha mlifungue wewe na mkeo bila msaada wake, na ikiwezekana siku ya upepo. Hili si jambo dogo, kwa kuwa malango ya Tsavo hufungwa saa kumi na mbili jioni na kuendesha gari usiku ndani ya hifadhi ni marufuku, ilhali kwetu jua huzama kwa haraka na giza halingoji mtu atafute kigingi. Trela linalohitaji saa nzima kusimamishwa linakulazimisha kufika kambini mapema, na alasiri ya watoto wako imekwisha.

Kambi zenyewe zina masharti yake. Ndololo, karibu na lango la Voi la Tsavo Mashariki, haina ukuta wa kuwazuia wanyama, na tembo hupita wapendapo. Kwa hiyo jiko lisilofungika halifai: chakula kiingie katika kabati la chuma lenye komeo, kwa ajili ya nyani mchana na fisi usiku, na matunda yenye harufu, machungwa na maembe hasa, yasilale mahali ambapo mkonga waweza kuyatamani. Ziwa Jipe lina mbu wengi na viboko watokao majini usiku. Chandarua cha madirisha kiwe kidogo matundu na kizima mishono, na njia ya kwenda msalani isielekee ziwani. Rangi ya turubai nayo ina maana kuliko uzuri: mbung'o huvutwa na buluu na nyeusi, hata mitego yao hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo, basi chagua kahawia au kijani kibichi kilichofifia. Joto la Voi mwezi wa Februari ladai madirisha pande zote. Ukungu wa Wundanyi mwezi wa Julai wadai madirisha hayo yafungike kisawasawa. Mtungi wa gesi ukae nje ya mahali pa kulala, wima, umefungwa mkanda. Na mlango wa trela uwe upande wa kushoto, kwa sababu sisi huendesha kushoto: karavani nyingi za bara Ulaya hufunguka kulia, na mtoto ashukaye kando ya barabara kuu anakanyaga njia ya malori.

Mwenye mfuko mdogo atauliza juu ya trela lililotumika, au la mafundi wa jua kali. Yote mawili yafaa, kwa hadhari. La zamani lililokaa Mombasa lilalie chini mwenyewe ukatazame kutu ya chumvi, hususan pale shingo inapoungana na chesisi. Gonga sakafu kwa kisigino usikilize mbao zilizooza. Fungua hema lote ulinuse, kwani ukungu wa turubai hautoki kwa kuoshwa. La fundi wa hapa lina fadhila kubwa kwamba mwenye kulitengeneza yupo na atawajibika, na kwamba unaweza kumwagiza atumie springi, vitovu na beringi za pikapu iliyozoeleka, ambazo vipuri vyake havikosi dukani Voi hata Jumamosi jioni. Msingi huo ni wa thamani kuliko chapa ya ng'ambo. Lakini mkatae fundi asiyeweza kukuambia trela lake litabeba kilo ngapi na kwa sababu gani. Katika hali zote mbili, trela lina hati zake na namba yake, ambayo nchini Kenya huanza kwa herufi Z; hakikisha jina lililo katika hati ni la anayekuuzia, uhamishe umiliki kwa mamlaka ya usafiri, NTSA, kabla ya fedha za mwisho kutoka mkononi, uulize hapo hapo kama daraja la leseni yako linakuruhusu kuvuta, na uandikie kampuni ya bima kwamba gari lako litavuta, upate jibu kwa maandishi.

Kabla ya yote hayo, kodi. Wako wanaokodisha vifaa vya kambi Nairobi, na fedha za siku tatu za kukodi ni sehemu ndogo mno ya bei ya trela. Lipakie kama utakavyolipakia lako, ulipeleke Wundanyi na kulirudisha, ulaze aila yote usiku mmoja mahali penye vumbi, na ujifunze kurudi nyuma katika uwanja mtupu, ukijua kwamba lenye shingo ndefu hutii kuliko lenye shingo fupi na kwamba usukani wapaswa kugeuzwa kinyume cha mazoea. Safari hiyo moja itakuambia mengi kuliko yadi kumi.

Mwenye nia ya kununua, basi, na ashike karatasi moja aandike kwa mpangilio huu: kilo ambazo gari laweza kuvuta, kilo za maji na mizigo ya aila yake, njia mbaya kuliko zote atakayopita, na idadi ya safari atakazofanya kwa mwaka. Ikiwa safari ni mbili, na jumla ya kilo imegusa mpaka wa gari, asione haya kuifunga karatasi hiyo bila kununua trela lolote. Hema mbili imara za turubai, kitanda cha kukunja cha bibi, jerikeni nane na rafu nzuri juu ya paa la gari vitamfikisha Ndololo na Ziwa Jipe sawasawa na jirani yake mwenye trela, na tofauti ya bei itamlipia mafuta na kiingilio cha watoto kwa likizo nyingi zijazo. Lakini ikiwa hesabu imekubali, na trela aliloliona lina nafasi ya maji yake, breki za mlima wake na vipuri vya mjini kwake, alinunue kwa moyo mkunjufu, hata kama mapazia yake hayampendezi. Mapazia hushonwa Voi kwa siku moja.